Hali ni Ile Ile

Daftari la zamu lina safu nne:
presha, sukari, joto, choo.
Pembeni, upana wa kidole gumba,
pameandikwa Maelezo,
na sote tuliopita nyumba hii ya wazee, hapa Tudor,
tumepajaza kwa maneno yale yale:
hali ni ile ile.

Niliyaandika mimi pia, mwezi wa tatu,
Mzee Dzombo alipobakisha uji nusu kikombe,
kesho yake kikombe kizima,
keshokutwa kijiko hakikulowa.
Presha nzuri. Joto sawa.
Hali ni ile ile, nikatia sahihi, Nyevu K.,
nikavuka feri, nikalala.
Siku ya nne nilikuta kitanda kimetandikwa
na mtu asiyejua kwamba mto wake hukaa upande wa ukuta.

Hakuna aliyenilaumu.
Daktari Badi alisoma mwandiko wangu,
akalifunga daftari taratibu,
kama mtu afungaye mlango wa chumba chenye mgonjwa.
Heri angenitukana.

Miaka miwili namuosha Bi Esha Mbwana,
miaka miwili hajaniambia asante.
Maji ya moto, nimemchoma.
Ya vuguvugu, namtakia kichomi.
Chai yangu ni maji ya kuoshea mchele.
Leso namfunga kama gunia la makaa.
Ukisikia "Mwana wee, macho umeyaweka rehani?"
ujue ni saa kumi na mbili na dunia iko mahali pake.

Leo magharibi nimempa chai.
Akanitazama.
Akasema: Asante, mwanangu.

Nikapima. Mia na thelathini kwa themanini.
Joto thelathini na sita nukta nane. Sukari sita.
Namba zote zimevaa kanzu za Ijumaa.

Sista Mghoi anasema ngoja asubuhi,
huo ni uzee tu, Nyevu.
Lakini uzee nimeuona.
Huja kama chumvi kwenye kuta za huku kwetu,
humenya rangi mwaka hata mwaka.
Hauji baina ya alasiri na magharibi
kama umeme kukatika.

Saa tano ya usiku nikapiga simu.
Ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena.

"Homa?"
Hana.
"Presha?"
Nzuri, daktari.
"Anapumua vipi?"
Kama siku zote.
"Sasa kilichobadilika ni nini?"

Chuoni tulifunzwa kupima.
Hiki hakina kipimo, na jina sikupewa.
Nikasema: Amesema asante.

Kimya. Nasikia feni ya kwake ikizunguka.

Nikayamwaga yote yasije yakaniganda:
leso kajifunika maandishi juu chini,
yeye anayemsomea kila mgeni jina la leso yake;
mimi ananiita Mize, na Mize ni dadaye,
alizikwa kabla mama yangu hajaolewa;
maji kakataa mara tatu,
nepi ni kavu tangu adhuhuri;
na jana, daktari, magharibi kama hii,
alinitukana vizuri kabisa.

"Jana alikutukana?"
Sana.
"Na leo?"
Hata kidogo.

Nikasikia kitanda kikilia, viatu vikitafutwa gizani.
"Kinga mkojo, hata matone.
Maji mpe kwa kijiko, usimwache alale chali. Nakuja."

Safu nne nimezijaza, zote njema.
Kwenye Maelezo nimeandika mpaka nafasi ikaisha,
nikapanda ukingoni, nikazunguka kona ya ukurasa,
nikaingia kwenye mistari ya kesho:
asante, leso, Mize, nepi, saa ya kila kimoja.
Sista Mghoi atauliza kesho tutaandika wapi.

Kijiko cha kwanza umemeza, Bi Esha.
Cha pili umemeza.
Taa za gari bado.
Hiki cha tano. Funua mdomo.
Sema basi kina kutu.